Shule Moja, Majina Mengi

Mtu akifungua kamusi ya Kihispania kutafuta neno la shule, atakutana na escuela, atalinakili daftarini na kuifunga kamusi kwa raha. Neno hilo lilitoka kwa Kilatini, schola, nalo la Kilatini lilitoka kwa Wagiriki, ambao kwao skhole ilikuwa na maana ya nafasi, yaani ule wakati alionao mtu ambaye hahangaikii chakula cha siku hiyo. Kwa maoni ya Wagiriki, mwenye nafasi ndiye awezaye kukaa na wenzake akajadili mambo ya dunia. Niliwahi kuwaeleza hivyo wanachuo wangu, waliokuwa wametoka kupalilia shamba la chuo tangu alfajiri. Walicheka sana.

Sisi Waswahili hatuna sababu ya kuona ajabu kwamba kitu kimoja kina majina kadhaa. Kabla ya kuja Wajerumani, mtoto wa pwani alikwenda chuoni, akasoma Kurani mbele ya mwalimu wake. Na chuo hichohicho kilikuwa pia na maana ya kitabu. Wajerumani wakafungua madarasa ya serikali Tanga na kwingineko katika miaka ya 1890, na Schule yao ikawa shule yetu. Unguja na Pemba, walikotawala Waingereza, watu husema skuli mpaka leo. Chuo nacho kikapandishwa cheo, kikawa mahali pa kusomea ualimu, uuguzi, au shahada. Kila neno lina mlango lililoingilia. Maneno ya Kihispania nayo yana milango yake, na mwingi wa mlango huo ni fedha.

Nianze na Hispania yenyewe. Mwaka 1857 ilipitishwa sheria ya elimu ambayo hadi leo huitwa kwa jina la waziri wake, Claudio Moyano. Iliagiza kwamba watoto wa miaka sita hadi tisa wasome, na kwamba wasio na uwezo wasilipe. Escuela za vijijini zikaachiwa halmashauri za huko, na mshahara wa mwalimu ukatarajiwa kutoka katika mfuko wa halmashauri hizo. Msomaji aliyewahi kufanya kazi chini ya halmashauri maskini hahitaji kuelezwa zaidi. Mishahara ilikuwa midogo, na hata hiyo midogo ilichelewa. Ndipo Wahispania wakapata msemo ambao wazee wao hawajausahau: mtu aliyebanwa na njaa kali husemwa kwamba ana njaa kumpita mwalimu wa escuela. Serikali kuu ilikuja kuubeba mzigo wa mishahara hiyo mwaka 1901.

Wenye mali hawakuwapeleka watoto wao huko. Waliwapeleka colegio. Neno hili nalo ni la Kilatini, collegium, yaani chama cha watu wa kazi moja au daraja moja. Ndiyo maana mpaka leo mawakili wa mji wana colegio yao, ambayo haina mtoto hata mmoja ndani yake, na kituo cha kupigia kura nacho huitwa colegio electoral. Colegio za watoto zilikuwa hasa za mashirika ya watawa, Wajesuiti na wengineo, zikiwa na mabweni, sare na karo. Hapa pana jambo moja linalonifurahisha. Padri José de Calasanz, Mhispania aliyefungua shule ya bure kwa watoto maskini mjini Roma mwaka 1597, shule zake zilijulikana kwa jina la Escuelas Pías, shule za uchaji. Alijua anamfungulia nani mlango.

Basi kwa muda mrefu Mhispania akisema mwanawe yuko escuela, ulijua na nyumba yao ilivyo. Mwaka 1970 ikaja sheria mpya iliyowaweka watoto wote wa miaka sita hadi kumi na minne katika mpango mmoja wa elimu ya msingi. Shule nyingi za serikali zikapewa kibao kipya cha colegio nacional. Na maestro, yule wa njaa, akaandikwa katika karatasi za serikali kuwa profesor. Jina la maestro lilirudishwa rasmi na sheria ya mwaka 1990.

Nina maoni yangu juu ya dawa ya namna hii. Sisi tuliokuwa kazini mwaka 1977, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza, tunakumbuka vijana waliochukuliwa kusomea ualimu vijijini huku wakifundisha. Waliitwa walimu wa UPE. Herufi hizo tatu, ambazo ziliandikwa kwa matumaini makubwa, hazikukawia kuwa tusi mdomoni mwa watu ambao watoto wao walifundishwa kusoma na vijana haohao. Ungewabadilishia jina mara kumi, tusi lingelifuata kila jina jipya mpaka hapo ambapo mtu angewapa nyumba ya kuishi na mshahara wa kutosha. Huko Hispania cheo cha profesor hakikumshibisha mtu. Kilichowasaidia ni mishahara iliyopanda pole pole miaka iliyofuata, na msemo wa njaa ukabaki kuwa hadithi ya babu.

Leo mtoto wa Hispania wa shule ya msingi, awe wa tajiri au wa maskini, husema anakwenda cole, kifupi cha colegio. Akifika miaka kumi na miwili hivi, kama anasoma shule ya serikali, huhamia instituto. Hapa Mswahili hudanganyika kwa urahisi, akadhani ni taasisi ya utafiti. La, ni sekondari. Instituto zilitokana na mpango wa elimu wa mwaka 1845, na kwa miaka mingi zilikuwa chache, mara nyingi moja tu katika mji mkuu wa jimbo. Kufundisha huko kulikuwa heshima kubwa. Mshairi Antonio Machado alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika instituto ya Soria tangu mwaka 1907, kisha Baeza, kisha Segovia. Huyo hakuna aliyemwita maestro de escuela. Lakini shule za watawa zenye sekondari ndani yake zimeendelea kuitwa colegio hadi darasa la mwisho. Hivyo mama wa Madrid akikwambia kwamba kijana wake wa miaka kumi na mitano yuko colegio, amekwisha kukujulisha, pasipo kukusudia, kwamba huenda hasomi shule ya serikali.

Ukivuka bahari mambo hubadilika tena. Chile sekondari ya serikali ni liceo, neno la Wafaransa. Meksiko, kabla ya chuo kikuu kuna preparatoria, kwa sababu mwaka 1867, baada ya Benito Juárez kuwashinda Wafaransa na mfalme wao, msomi Gabino Barreda alipewa kazi ya kuunda Escuela Nacional Preparatoria, na vijana wa leo hulifupisha jina hilo kuwa prepa bila kumkumbuka Barreda.

Msomaji asidhani kwamba escuela ni neno la maskini peke yao. Wahandisi wa barabara na madaraja wa Madrid, watu wenye majivuno yao, wamesoma Escuela tangu mwaka 1802. Wanafalsafa na wanasheria waliomzunguka Francisco de Vitoria katika karne ya 16, wakahojiana kama Wahispania walikuwa na haki gani juu ya nchi za Wahindi wa Marekani, huitwa Escuela de Salamanca. Colegio ni jengo na kundi la watu. Escuela yaweza kuwa wazo, likaendelea watu wakisha kufa. Na walimu wa watoto wadogo kabisa huko Hispania hukasirika ukisema wanafanya kazi katika guardería, maana neno hilo latokana na kulinda, kama vile mtu alindavyo mizigo. Wao husema ni escuela infantil. Neno la njaa limekuwa neno la heshima.

Haya yote niliyasoma kwa kujifurahisha baada ya kustaafu, kwa kamusi moja iliyochakaa na redio ya masafa mafupi. Sikutarajia kwamba yangenifaa. Miaka michache iliyopita kamati ya shule ya msingi ya kijijini kwetu ilipata watu wa mji mmoja mdogo wa Hispania waliotaka urafiki na shule yetu. Mwenyekiti wa kamati, kijana niliyemfundisha, akaja nyumbani na barua iliyoandikwa kwa Kiswahili.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Karibu.”

“Mwalimu, tunaomba ututafsirie. Si kazi kubwa, shule ni shule tu.”

Nikaisoma. Ilikuwa na shule za aina nne. Ilitaja shule yetu ya msingi, sekondari ya kata, na ile shule ya kulipia iliyoko barabarani, yenye neno Academy kwenye kibao chake. Aidha ilitaja chuo cha ualimu nilichokiongoza, kwa kuwa walimu wetu wengi wamepita pale.

Nikamweleza mwenyekiti kwamba tukiandika academia, Mhispania atadhani watoto wale wanakwenda tuisheni jioni, kwani kwao academia ni mahali pa masomo ya ziada, lugha, au kupiga chapa, ukiacha ile Academia ya wasomi wa lugha iliyoanzishwa mwaka 1713, na zile za askari. Alicheka mpaka akashika magoti. Shule ile ya kulipia nikaiita colegio privado, ikatulia. Sekondari ya kata nikaiita instituto público, jina ambalo watoto wake hawajawahi kupewa. Hapa mjini hadi leo kuna wanaoiita shule ya namna ile yeboyebo, kama kandambili za plastiki. Ya msingi nikaiita escuela. Mwenyekiti aliponiuliza kwa nini isiitwe colegio kama wao waitavyo za kwao, nilimwambia kwamba wazee wa mji ule wakisoma escuela watakumbuka chumba kimoja, ubao mmoja na mwalimu mmoja, nao watatuelewa.

Chuo cha ualimu ndicho kilichonikalisha usiku. Waliozoea Kiingereza wangekimbilia colegio, na Mhispania angeona watoto wa miaka saba wakitembea katika mabweni yangu. Hispania ya leo humfundisha mwalimu katika facultad ya chuo kikuu, lakini chuo chetu hakikuwa chuo kikuu. Kilitoa walimu wa daraja la tatu A wa kwenda vijijini. Neno lililokifaa lilikuwa lile la zamani: escuela normal. Norma kwa Kilatini ni kipimapembe cha seremala. Wafaransa ndio walioliweka neno hilo katika ualimu baada ya mapinduzi yao, na Madrid ilifungua Normal yake mwaka 1839, mwalimu wa walimu akiwa ndiye kipimo. Argentina ilifungua ya Paraná mwaka 1870 chini ya Rais Sarmiento, aliyewahi kuwa yeye mwenyewe mkuu wa Normal ya Santiago, nchini Chile.

Neno hili lina makovu. Gabriela Mistral, binti wa Chile aliyeanza kazi kama msaidizi wa mwalimu vijijini, alikataliwa kuingia Normal ya La Serena. Akafanya mtihani wake kwa njia nyingine mwaka 1910, akaja kuongoza liceo tatu, na mwaka 1945 akapata Tuzo ya Nobel. Utawala wa kijeshi wa Chile ulizifunga Normal zote mwaka 1974. Hispania ilikwisha kulifuta jina hilo baada ya ile sheria ya 1970. Lakini Meksiko, ambako Normal za vijijini zilianza mwaka 1922 kwa ajili ya watoto wa wakulima, zipo hadi sasa. Vijana 43 waliochukuliwa na kupotezwa mjini Iguala usiku wa tarehe 26 Septemba 2014 walikuwa wanafunzi wa Normal ya Ayotzinapa. Wengi wao hawajapatikana. Wazazi wao wakiandamana, mabango yao hutaja normalistas, wala hakuna neno jingine ambalo lingetosha.

Niliandika escuela normal. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya pili yenye mwandiko wa mtu mzima, herufi zimesimama wima kama za ubaoni. Ilitoka kwa bibi mmoja mstaafu, maestra, aliyesomea Normal katika miaka ya 1960. Alisema kwa muda mrefu hakuliona neno lile likiandikwa kama kitu kilicho hai. Kisha akaniuliza maswali matatu: watoto wanakaa juu ya nini, chaki hununuliwa na nani, na darasa la kwanza lina watoto wangapi.

Nilimjibu yote. La tatu nilikwenda kulihesabu mwenyewe, nikasimama mlangoni na kijiti changu. Walikuwa 118.