Barabara Mbele ya Nyumba ni ya Nani?

Mtu akaaye kando ya barabara huiona nafasi iliyo mbele ya mlango wake kuwa kama ua wake. Lakini barabara si ua. Ni njia ya watu wote. Je, aweza kumkataza mtu wa mbali asiweke motakaa yake hapo? Swali hili, ambalo laonekana dogo, lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1977.

Arlington ni wilaya ya jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto Potomac kutoka mji wa Washington. Hapo pana majumba makubwa ya ofisi na maduka, paitwapo Crystal City, na karibu yake mtaa wa nyumba za kukaa watu, Aurora Highlands. Wafanyakazi wa Crystal City walikuja kwa motakaa zao. Wengine walikosa nafasi ya kuziweka. Wengine, tuseme kweli, hawakutaka kulipa ada. Wakaziacha mtaani kutwa, wakaenda zao, na wenyeji wakasongwa milangoni pao.

Ndipo Baraza la Wilaya likatunga sheria: katika mitaa iliyosongwa namna hiyo, mtu asiweke motakaa tangu saa 2 asubuhi hata saa 11 jioni, siku za kazi, ila awe na cheti. Cheti kilitolewa bure kwa wakazi, na kwa watu wenye shughuli nao, na kwa baadhi ya wageni.

Wafanyakazi wakashtaki. Katiba ya Marekani, kwa maneno yaliyotiwa ndani yake mwaka 1868, baada ya watumwa kuwekwa huru, huagiza kila mtu apewe ulinzi sawa wa sheria. Ni ajabu kidogo kuona maneno mazito hivyo yakiletwa kwa ajili ya nafasi ya motakaa. Lakini mahakama za Virginia ziliwakubalia, zikaitangua sheria.

Tarehe 11 Oktoba 1977 Mahakama Kuu ikahukumu kinyume. Ilisema kwamba Katiba haikatazi wilaya kupunguza kelele, moshi na hatari mitaani, wala kumtenga mkazi na asiye mkazi si lazima kuwe uonevu. Tena wilaya yaweza kutumaini kwamba wanyimwao nafasi watapanda mabasi, au watachangia motakaa moja.

Hata hivyo hukumu haikuwafanya wenyeji kuwa wenye barabara. Cheti hakimpi mtu mahali pake maalumu; jirani yake akimtangulia, itambidi azunguke kutafuta pengine.