Mkufunzi wa Mtandaoni Akae Kwanza Kwa Kiti Cha Mwanafunzi

Mwaka 2021 nilipata kibarua cha kufundisha mtandaoni. Kampuni moja hapa Nairobi, jina naliacha, ilikuwa na kozi ya wiki nane: biashara ndogo pamoja na Kiingereza cha kazini. Mafunzo yangu ya ukufunzi? Barua pepe moja yenye nywila, na video ya dakika kumi na mbili ya kunionyesha mahali pa kubonyeza. Basi. Jumatatu nikaanza.

Wanafunzi walikuwa 24. Walitakiwa kukaa wanne wanne na kuandika mpango wa biashara pamoja, kwa Kiingereza. Nikaweka swali la kuanzisha mjadala. Kimya. Nikaweka lingine, refu zaidi. Kimya. Kufikia wiki ya tatu walibaki tisa. Mmoja wa walioondoka alikuwa mama anayeuza mitumba Gikomba. Alinipigia: "Mwalimu, mimi si mvivu. Nafungua, naona watu sijui ni akina nani, naogopa kuandika Kiingereza kibovu mbele yao, nafunga. Data imeisha, na ile pesa ya kozi sitaiona tena." Sikuwa na jibu.

Hiyo simu ndiyo ilinifanya nianze kuchimba historia. Nilidhani shida yangu ni mpya, imeletwa na korona. Kumbe wapi!

Turudi Uingereza kidogo. Open University iliundwa 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1971. Masomo yalikuja kwa posta na kwa vipindi vya BBC, na kila mwanafunzi alikuwa na mkufunzi wa kumsahihishia kazi. Mwaka 1988 wakajaribu kitu kipya: kozi ya teknolojia ya habari yenye wanafunzi zaidi ya 1,000, waliojadiliana kwa kompyuta kupitia laini ya simu. Mfumo uliitwa CoSy, ulitoka Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Ni maandishi matupu, hakuna picha wala sauti. Na nini kikatokea? Wengi waliingia, wakasoma ya wenzao, wakatoka bila kuandika neno. Yaani mama wa Gikomba alikuwepo hata 1988.

Katika miaka ya 1990, Gilly Salmon, aliyekuwa kwenye shule ya biashara ya chuo hicho, akaanza kuchunguza jumbe za wanafunzi na wakufunzi. Aliyoyaona aliyapanga kwa ngazi tano, na kitabu chake, E-moderating, kikatoka mwaka 2000. Kwanza mtu aweze kuingia na apate hamu ya kurudi. Pili ajuane na wenzake. Tatu wapeane habari. Nne ndipo wajenge maarifa pamoja. Tano aanze kujitegemea na kuyapima aliyojifunza. Sasa jiangalie wewe uliyewahi kufundisha mtandaoni: ulianzia ngazi ya ngapi? Mimi nilirukia ya nne siku ya kwanza.

Lakini kilichonishika zaidi ni jinsi wakufunzi wenyewe walivyofunzwa. Walifunzwa mtandaoni, ndani ya mfumo ule ule watakaoutumia, wakiwa wanafunzi. Mkufunzi alipotea yeye kwanza, akangoja kujibiwa yeye kwanza, akaona aibu yeye kwanza. Ndipo akapewa darasa.

Upande wa lugha ulikuwa mgumu zaidi, manake huwezi kujifunza kuongea bila kuongea. Chuo hicho hicho kikatumia mfumo wa sauti ulioitwa Lyceum. Mwaka 2005 walimu wawili wa hapo, Regine Hampel na Ursula Stickler, wakachapisha piramidi ya ujuzi saba wa mkufunzi wa lugha mtandaoni. Kujua kompyuta ni kule chini kabisa, kwenye msingi. Katikati kuna kuwafanya watu wajisikie kundi moja na kuwapa nafasi ya kuongea. Kileleni ni mtindo wako mwenyewe. Ile video yangu ya dakika kumi na mbili iliishia pale chini.

Na sisi Kenya si wageni wa haya mambo. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kilianzishwa 1997 na Benki ya Dunia. Kenyatta University ilikuwa kati ya vituo vyake vya mwanzo: mhadhiri yuko ng'ambo, wanafunzi wako Kahawa, setilaiti iko katikati. Mwaka 2002 makao makuu yakahamia Nairobi. Kisha Machi 2020 shule na vyuo vikafungwa, na tukakimbilia Zoom kama watu wasio na historia.

Najua utaniambia mafunzo ni gharama. Ni kweli, na mkufunzi anayelipwa kwa saa hawezi kujifunza wiki mbili bure. Alipwe hizo wiki. Wale 15 waliotoroka darasa langu pia walikuwa gharama, ila walioilipa ni wao. Tena hapa kwetu ngazi ya kwanza haiishi. Mtu anaingia leo, kesho data imekwisha, anaanza upya.

Mwaka 2022 niliitwa tena, kwingine. Niliomba sisi wakufunzi watano tuwe wanafunzi kwanza: wiki mbili, simu tu, data yetu, kazi ya kikundi kwa Kiingereza. Unajua nani alinyamaza siku ya tatu? Mimi. Mwenzangu aliandika Kiingereza kizuri mno, nikafuta changu mara tatu, nikafunga simu.

Darasa lilipoanza, wiki ya kwanza hatukugusa mpango wa biashara. Kila mtu alituma ujumbe wa sauti, lugha yoyote: unauza nini, na siku yako huanza saa ngapi. Kati ya 20 walimaliza 14. Si muujiza, sita bado niliwapoteza.

Kwa hivyo ukiwa unaendesha kozi kama hizi, usinionyeshe mfumo wako unavyong'aa. Niambie wakufunzi wako walikaa wiki ngapi upande wa pili, na kama uliwalipa. Mama wa Gikomba hakurudi. Namba yake bado ninayo, na kabla ya kumwita tena lazima niwe na jibu la hilo swali.