Moyo Unadunda, Vipimo Safi (Sehemu ya 3)

Mama zangu, tunaendelea. Leo najibu lile swali lililojaa inboksi: “Nesi, usiku moyo unanienda mbio, nimepima ECG na ekoo, naambiwa niko sawa. Sasa mbona bado unadunda?” Wengine mnaongeza kwamba nyumbani mnaambiwa mnajidekeza.

Naanzia mbali kidogo, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Vumilieni, tutafika nyumbani.

Kule Philadelphia kulikuwa na hospitali ya jeshi ya Turner's Lane. Daktari Jacob Mendes Da Costa alipokea hapo vijana wenye malalamiko yanayofanana: moyo kudunda, kifua kuuma, pumzi kukatika, kizunguzungu, usingizi wa shida. Akawapima kwa masikio na mikono yake, maana mashine hakuwa nayo. Kwa wengi wao hakuona ugonjwa ndani ya moyo wenyewe. Hapo ndipo ninapompenda huyu mzee: hakuwaita waongo. Aliandika kwamba wengi walikuwa wametoka kuugua homa au kuharisha, au wamechoshwa na safari ndefu za vitani. Mwaka 1871 alichapisha habari za takriban wanajeshi 300, akauita moyo wao moyo unaoshtuka haraka.

ECG ilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kazi ya Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, na mgonjwa alizamisha mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Wewe ulibandikwa vile vibandiko tu, ukaondoka.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Maelfu ya wanajeshi wa Uingereza walirudishwa kutoka vitani na malalamiko yaleyale. Thomas Lewis alikuwa bingwa wa kusoma ECG wa wakati ule, na hata yeye wengi wao hakuwakuta na ugonjwa wa moyo. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kulala kitandani wiki kwa wiki, na ndivyo walivyozidi kudhoofika. Lewis akawaamsha, akawapa mazoezi mepesi yanayoongezeka taratibu. Kitabu chake cha hali hiyo kilitoka 1918.

Mwaka 1941 Paul Wood, daktari wa moyo huko London, alisema wazi kinachoendesha hali hii ni hofu. Mtu anasikia moyo unadunda, anaamini moyo ndio mbovu, anaogopa akijitahidi atakufa ghafla, na hofu hiyo inaukimbiza moyo zaidi. Ni mduara. Na wakati mwingine, jamani, ulianzishwa na neno la mhudumu wa afya aliyesema “moyo wako ni dhaifu” bila uhakika. Hili linatuhusu sisi manesi pia.

Sasa turudi kwako. Mapigo unayoyasikia ni ya kweli. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini na moyo unaongeza mwendo, hata kama umekaa kwenye kochi unanyonyesha. Lile “moyo umeruka” mara nyingi ni pigo lililowahi. Moyo unatulia kidogo, kisha pigo linalofuata linakuja na nguvu, ndilo unalolisikia. Watu wengi wenye moyo mzima wanayapata. Usiku unayasikia zaidi kwa sababu nyumba imetulia na wewe umelala ukiyasikiliza. Kukosa usingizi na mtoto, chai ya rangi kali, kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu huyazidisha.

Yakianza, usikimbilie kuhesabu mapigo kila dakika. Kaa, vuta pumzi polepole, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Mchana tembea, anza kidogo. Na ile hofu yenyewe ina matibabu, hasa mazungumzo na mtaalamu. Iombe kliniki kama unavyoomba dawa ya kikohozi, bila aibu.

Ila nisikilize hapa. ECG ya kawaida inanasa sekunde chache tu. Kama moyo haukuruka wakati ule, uliza kuhusu Holta, kile kipimo cha kuvaa siku nzima au zaidi. Cha kwanza, cha Norman Holter wa Montana, kilibebwa mgongoni kikiwa na zaidi ya kilo 30. Cha leo unakificha chini ya gauni.

Na usisubiri hata kidogo kama umezimia, kifua kinabana, mapigo ya mbio yanaambatana na kukosa pumzi, au kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Kama ni mjamzito au umejifungua miezi ya karibuni, na ukilala chali pumzi inakata au miguu inavimba, nenda hospitali leo hii, hata kama vipimo vya zamani vilikuwa safi.

Sehemu ya 4 ni Jumapili: upungufu wa damu baada ya kujifungua, maana nao unaukimbiza moyo. Tafuteni kadi zenu za kliniki, mwangalie namba ya damu iliyoandikwa mara ya mwisho.