Nani kahamisha mlango? Kisa cha Wikipedia ya Kiswahili



Nimerudi chuo juzi kutoka Kilolo, nilikokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Baridi ya kule mnaijua, asubuhi unaandika ubaoni vidole vimekufa ganzi. Ila leo sileti habari za baridi wala za bumu (najua kuna waliofungua wakidhani nina taarifa, hehehe, sina). Leo ni historia, maana ndilo somo langu, na kuna jambo lilinikera mpaka nikaanza kulichimba.

Iko hivi. Shule niliyopangiwa ina kompyuta chache, intaneti ilikuwa inatoka kwenye simu yangu, kwa kifurushi changu mwenyewe. Kuna tovuti moja ya notsi nikawafundisha vijana wa kidato cha pili kuitumia. Niliwaandikia ubaoni kama unavyomwelekeza mtu njia: fungua, angalia kushoto, shuka mpaka mstari wa nne, bonyeza. Wakanakili. Wiki mbili mambo safi. Jumatatu moja tunafungua, kushoto hakuna kitu! Menyu imehamia juu, imejificha ndani ya vistari vitatu. Binti mmoja akaangalia daftari lake, akaangalia kioo, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nilikosea kunakili?"

Jamani, swali lile liliniuma. Hakukosea kitu. Mlango ndio ulihamishwa, lakini aliyejiona mjinga ni yeye.

Basi nikajiuliza, watu wengine yaliwakuta lini, na walifanya nini? Kumbe historia yake ni ndefu. Septemba 2006 Facebook ilileta ule ukurasa unaomwaga habari za marafiki zako wote mahali pamoja. Watumiaji, wengi wao wanafunzi wa vyuo kama sisi, wakafungua vikundi vya kupinga, na ndani ya siku chache mamia ya maelfu wakajiunga. Zuckerberg akaandika kuwatuliza, zikaongezwa njia za kuficha mambo yako, lakini ukurasa wenyewe ukabaki. Oktoba 2012 Microsoft wakatoa Windows 8 bila kile kitufe cha Start ambacho watu walikizoea tangu 1995. Kelele zikawa nyingi, na Oktoba 2013 kitufe kikarudi na Windows 8.1.

Hao ni wa mbali. Kinachotuhusu sisi ni Wikipedia.

Wikipedia ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata 2003. Inaandikwa na watu wa kujitolea, Wikipedia yenyewe haiwalipi kwa makala. Miaka mingi sura yake ilikuwa ile tunayoijua: kushoto safu ndefu ya viungo, makala katikati, orodha ya yaliyomo ndani ya kisanduku juu ya makala, na chini kushoto majina ya lugha nyingine.

Hapo kwenye majina ya lugha naomba tukae kidogo. Wakati huo ukisoma makala ya Kiingereza, tuseme kuhusu Mkwawa au kuhusu usanisinuru, ukashuka kushoto, ulikuwa unaliona neno "Kiswahili" limeandikwa wazi, kama makala ilikuwepo. Bonyeza moja tu, ulikuwa nyumbani. Kwa mtoto wa shule ya kata aliyetoka msingi kwa Kiswahili akakutana na Kiingereza ghafla kidato cha kwanza, neno lile lilikuwa mkono wa kumvusha mto. Na hata asipobonyeza, alikuwa ameona kwamba lugha yake imo humo na yenyewe inabeba elimu.

Januari 2023 shirika la Wikimedia Foundation likaifanya sura mpya, iitwayo Vector 2022, kuwa ya kawaida kwenye Wikipedia ya Kiingereza, baada ya kuijaribu miaka kadhaa kwenye lugha nyingine. Orodha ya yaliyomo ikahamia kushoto. Maandishi yakabanwa katikati, pembeni pakabaki peupe. Na majina ya lugha yakakusanywa ndani ya kitufe kimoja juu kulia. Nia yao haikuwa mbaya, walitaka ukurasa usomeke vizuri na mgeni asipotee.

Malalamiko yakaanza. Waingereza na Wamarekani wakabishana kurasa na kurasa, waliotaka sura ya zamani irudi wakawa wengi kuliko waliokataa, lakini mwisho ikaamuliwa kwamba hakuna muafaka, sura mpya ikabaki. Na kwenye Wikipedia ya Kiswahili? Wahariri wake wakapiga kura, na wote waliopiga wakasema kitu kimoja: irudishwe ya zamani. Hakuna hata mmoja aliyepinga! Habari za mabadiliko yale zikiandikwa duniani, kura ya Waswahili ikawa inatajwa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu bwenini mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimepata bumu.

Sasa, mwanahistoria lazima awe mkweli. Sura ile "ya zamani" iliyopiganiwa 2023 nayo ilikuwa mpya mwaka 2010, ilipochukua nafasi ya MonoBook iliyokuwepo tangu 2004, na hiyo nayo ilikuwa na wapenzi wake. Kwa hiyo tukisema cha zamani ndicho bora siku zote, tutakuwa tunajidanganya. Wahenga walishasema mazoea yana taabu.

Mimi ninachokiona kwenye kura ile ni kwamba kule kulikuwa na mahali pa kusema hapana. Anayekaa na kompyuta siku nzima, mlango ukihamishwa anapapasa dakika tano, anaupata, anaendelea. Anayepata nusu saa kwa wiki, watoto wanne kioo kimoja, dakika tano hizo ndizo kipindi chenyewe. Akili yake yote imo kwenye "kushoto, mstari wa nne". Ukihamisha bila kumwambia umemnyang'anya alichojifunza, halafu yeye atadhani hakujifunza vizuri. Wahariri wa Kiswahili walikuwa na ukurasa wa majadiliano na kura. Yule binti wa Kilolo alikuwa na daftari tu.

Na mimi nina kosa langu. Niliwafundisha mahali, sikuwafundisha neno. Wiki ya mwisho tulifuta maelekezo yote, tukaanza upya: tafuta neno "masomo" popote lilipo, usipoliona bonyeza vistari. Walichelewa, lakini walifika. Na yule binti nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba daftari lake lilikuwa sahihi, tovuti ndiyo iliyobadilika. Alitabasamu kidogo, akachana ule ukurasa, akaandika mwingine.

Wadau mnaosomea ualimu, hasa mtakaopangiwa vijijini mwakani, hilo limewahi kuwakuta? Mlifanyaje? Andikeni hapo chini tusaidiane. Mimi naenda kupanga foleni ya chakula kabla wali haujaisha.

Tupo pamoja.