Sindano zinazoweza kudhuru sikio la ndani, na dalili za kuziwahi

Mgonjwa amechomwa sindano kwa wiki mbili. Homa imeshuka, anakula vizuri. Usiku anaamka kwenda chooni, anapepesuka kama mlevi na kushika ukuta. Asubuhi, kukiwa na mwanga, anatembea vizuri kiasi, kwa hiyo nyumbani wanasema ni udhaifu wa ugonjwa. Huenda ni udhaifu kweli. Lakini kama anachomwa jentamaisini, streptomaisini, amikasini au kanamaisini, kupepesuka huko gizani ni habari ya kumfikishia daktari au muuguzi siku hiyo hiyo, kabla ya sindano inayofuata.

Tuondoe kwanza hofu isiyo na sababu. Viuavijasumu vingi tunavyomeza nyumbani, kama amoksisilini, havina tabia hii. Erithromaisini na azithromaisini zinaweza kupunguza usikivu kwa nadra, hasa zikitumiwa kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu, na mara nyingi usikivu hurudi dawa ikiachwa. Wazee wanaokumbuka masikio kuvuma wakati wa kutumia kwinini wanakumbuka kitu cha kweli, ila kwinini ni dawa ya malaria, na mvumo ule kwa kawaida hupita. Sindano tulizotaja juu ni jambo jingine. Zikishaharibu sikio, kwa kawaida halirudi lilivyokuwa.

Ndani ya mfupa wa fuvu, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna mfereji mdogo uliojizungusha kama nyumba ya konokono. Huo ndio wa kusikia. Pembeni yake kuna vijifereji vitatu vilivyopinda kama pete, ambavyo huuambia ubongo kichwa kinageukia wapi. Vyote vimejaa maji, na humo zimo seli zenye vinyweleo vidogo sana. Dawa hizi huingia ndani ya seli hizo, hukaa humo na kuziua. Ngozi ikichubuka huota nyingine. Seli hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Na kwa kuwa dawa hukawia kutoka sikioni kuliko kwenye damu, wapo wanaoanza kuona dalili siku au wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho.

Hili si jambo jipya. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, ikawa dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu. Haikuchukua muda madaktari wakaanza kuona wagonjwa wanaopona kifua lakini wanayumba. Mwaka 1952 daktari mmoja wa huko, aliyekuwa ametibiwa kwa dawa hiyo, alieleza hali yake katika jarida la kitabibu. Mapigo ya moyo wake tu yalitosha kuzitikisa herufi za kitabu, ikabidi abane kichwa katikati ya vyuma vya kitanda ili aweze kusoma. Akitembea hakuweza kutambua nyuso za watu mpaka asimame.

Tunaeleza hayo kwa sababu wengi hungoja kizunguzungu cha nyumba kuzunguka, na hapa mara nyingi hakiji. Masikio yote mawili huharibika pamoja, kwa hiyo mtu haoni kitu kinachozunguka. Huona dunia inarukaruka anapotembea. Jaribu hivi: simama, soma maandishi ya kalenda ukutani, kisha tikisa kichwa haraka kushoto na kulia huku ukiendelea kusoma. Herufi zikivurugika kabisa, sema.

Jentamaisini na streptomaisini hugusa zaidi mizani ya mwili; amikasini na kanamaisini hugusa zaidi usikivu. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza: ndege, mlio wa simu chumba cha pili, sauti za watoto. Mtu huanza kuwalaumu wenzake kwamba wananong'ona. Mlio masikioni usiokoma nao ni dalili.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye figo dhaifu, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa dawa mwilini, kwa anayechomwa kwa muda mrefu, kwa mzee, na kwa anayetumia pia dawa kali za kukojoza maji mwilini. Mjamzito asichomwe streptomaisini. Inaweza kudhuru masikio ya mtoto tumboni. Tena kuna koo zenye udhaifu unaorithiwa kwa mama, ambapo hata sindano chache huweza kuleta uziwi. Kwa hiyo kama mama yako, mjomba au mama mdogo alipoteza usikivu baada ya sindano, mwambie daktari kabla hujachomwa. Matone ya sikio yenye jentamaisini au neomaisini nayo yasitiwe kwenye sikio linalotoa usaha kabla ngoma yake haijaangaliwa kama imetoboka.

Haya yote yasimfanye mzazi akatae jentamaisini kwa kichanga mwenye maambukizi ya damu. Ugonjwa huo huua kwa saa, na dozi iliyopimwa kwa uzito wa mtoto, kwa siku chache, ina faida kubwa kuliko hatari yake. Tatizo ni kununua vichupa na kuchomwa mtaani bila kupimwa uzito wala figo.

Kwa wenye kifua kikuu sugu habari ni nzuri zaidi. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kuweka vidonge vya bedakwilini mahali pa sindano, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaacha kupendekeza kanamaisini.

Dalili ikitokea, usiache dawa kimyakimya. Rudi ulikoanzia tiba, uliza jina la sindano, omba kupimwa usikivu na figo. Daktari anaweza kubadilisha dawa au dozi. Aliyekwisha kudhurika husaidiwa na mazoezi ya macho na kutembea, taa usiku na fimbo. Asikwee mnazi, asipande ngazi. Mvuvi asizamie: chini ya maji, bila mizani ya sikio, mtu anaweza asijue juu ni wapi.