Mifumo Endeshi na Mkono wa Sheria

Mwaka 1956 mahakama nchini Marekani iliidhinisha mapatano kati ya serikali na AT&T, kampuni iliyohodhi simu za nchi ile. AT&T iliachiwa simu zake, ila ikakatazwa biashara zisizohusu mawasiliano. Waliotia saini hawakuwa na habari ya mifumo endeshi. Hata hivyo, bila mapatano yale huenda simu nyingi tulizo nazo leo zingeendeshwa na kitu kingine kabisa. Ushindani wa mifumo huria na mifumo inayomilikiwa na kampuni husimuliwa kama ugomvi wa wahandisi; mimi naona kalamu ya mwanasheria karibu kila kona.

Enzi hizo programu haikuwa bidhaa ya kuuzwa peke yake. Aliyekodi mashine ya IBM alipewa na programu zake, na tangu 1955 wateja wa kampuni hiyo walikuwa na chama chao, SHARE, cha kubadilishana walizojiandikia. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1969. IBM, ikiwa imeshitakiwa na serikali kwa ukiritimba, ilitangaza kwamba baadhi ya programu na huduma zitatozwa bei kando.

Mwaka huohuo Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara za AT&T zilizoitwa Bell Labs, walianza kuandika Unix. Kufikia 1973 sehemu kubwa ya mfumo huo ilikuwa imeandikwa upya kwa lugha ya C, na hapo ikawa rahisi kuuhamisha kutoka mashine ya aina moja hadi nyingine. Ilikuwa mali ya thamani, na mwenye mali hana ruhusa ya kufungua duka! AT&T ikaugawa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote, bila ahadi yoyote ya matengenezo. Kasoro ikijitokeza, mtumiaji ajirekebishie mwenyewe. Wakajirekebishia, wakapelekeana marekebisho, na chuo cha Berkeley, California, kikafika mbali hata kikawa na toleo lake, BSD. Kwa hiyo ule moyo wa kushirikiana, ambao wapenzi wa programu huria hujivunia, ulilelewa na sharti la mahakama.

Kisa cha John Lions kinaonyesha jinsi mlango ulivyofungwa. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, Lions aliwaandikia wanafunzi wake ufafanuzi wa msimbo wa Unix. Leseni ya toleo la saba, la mwaka 1979, ikapiga marufuku kuufundishia msimbo huo darasani. Ufafanuzi wa Lions ukaenea kwa fotokopi, nakala ya nakala ya nakala, na wahandisi wengi wakajifunza kutoka kurasa zilizofifia, hadi ulipochapishwa kihalali mwaka 1996. Mwaka 1984 AT&T ilivunjwa vipande, kifungo cha 1956 kikaondoka, na Unix ikawa bidhaa kama bidhaa nyingine.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Mwaka huo wa 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi akilalamika kuwa watu wananakili programu yake ya BASIC bila kulipa: nani ataandika kazi nzuri bure? Mwaka 1981 kampuni yake, Microsoft, ilinunua mfumo uliotengenezwa na Seattle Computer Products, ikaugeuza kuwa MS-DOS na kuikabidhi IBM kwa kompyuta zake mpya, huku ikijibakizia haki ya kuwauzia wengine. Kipengele hicho kimoja kilizaa utajiri usiosemeka. Baadaye watengenezaji wengi wa kompyuta waliwekwa chini ya mkataba wa kuilipa Microsoft kwa kila mashine waliyouza, iwe na mfumo wake au isiwe nao. Serikali ya Marekani iliingilia kati mwaka 1994. Katika mazingira hayo ubora wa mpinzani ulisaidia kidogo sana.

Aliyetambua kwamba sheria inaweza kujibiwa kwa sheria ni Richard Stallman wa MIT. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ulio huru. Alikuwa mwanaprogramu hodari, lakini kwangu mimi kazi yake kuu ni leseni ya GPL, ya mwaka 1989. Inatumia hakimiliki ileile inayofunga programu za wengine: chukua, badili, hata uza, lakini unayempa programu umpe na msimbo, kwa masharti hayohayo.

GNU ilikosa kiini, yaani sehemu ya mfumo inayosimamia maunzi ya kompyuta. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo wake kwa kujifurahisha, ule ulioitwa Linux, na mwaka uliofuata akauweka chini ya GPL. BSD ilikuwa imekomaa zaidi, lakini mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T ilifungua kesi kuhusu umiliki wa msimbo wake, na shauri halikwisha hadi 1994. Nani angejenga biashara juu ya kiwanja chenye mgogoro? Linux ikapita. Leseni ya BSD hailazimishi kurudisha chochote, ndiyo maana Apple iliweza kuchukua sehemu zake na kujengea Mac OS X ya mwaka 2001.

Kwetu Afrika Mashariki hoja kwamba Linux ni ya bure haikupata nguvu. Mafundi wa mitaani waliweka Windows za kunakili, na cha bure hakiwezi kushindwa kwa bei. Pengine ndiyo maana mchango wa maana zaidi ulikuwa wa lugha: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice, programu huria ya ofisi, kwa Kiswahili, bila kumwomba mwenye mali ruhusa.

Kwenye seva Linux ilishinda waziwazi, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaitumia. Mwaka 2001 Steve Ballmer wa Microsoft aliifananisha na saratani; mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ikatangaza kutia kiini cha Linux ndani ya Windows.

Ushindi wa Android, mfumo wa simu wa Google wenye Linux ndani, una utata. Msimbo wake wa msingi uko wazi, lakini duka la Play, ramani na huduma nyingine za Google zimefungwa, na mtengenezaji wa simu huzipata kwa mkataba. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, sababu mojawapo ikiwa masharti yaliyowazuia watengenezaji kuuza simu zenye matoleo mengine ya Android. Mwaka uliofuata vikwazo vya Marekani viliikumba Huawei: ikabaki na haki ya kutumia msimbo wazi, ikapoteza duka, na soko lake la simu nje ya China likaporomoka. Mwaka 2024 ikatoa toleo la mfumo wake, HarmonyOS, lisilo tena na msimbo wa Android. Msingi wake, OpenHarmony, umeachwa wazi kwa yeyote. Tabaka za juu ni mali ya Huawei.