Kwa Nini Kuku Hutingisha Kichwa Akitembea? Si Ati Anaskia Ngoma

Cheki kuku akipita nje ya kibanda. Kichwa mbele, kichwa nyuma, ni kama kuna biti anaiskia peke yake. Njiwa wa tao nao ni vile vile.

Lakini macho yako yanakucheza. Hicho kichwa hakirudi nyuma. Kinaruka mbele mara moja, kisha kinatulia tuli hapo hewani hadi mwili ukifikie.

Mwaka wa 1978, mtafiti Barrie Frost wa Chuo Kikuu cha Queen's, Canada, aliweka njiwa kwa mashine ya kutembelea, kama zile za jim. Njiwa wakatembea, lakini kwa sababu walikuwa wamebaki pale pale, vitu vilivyowazunguka havikupita machoni pao. Kichwa kikaacha kutingika! Kumbe shida si miguu, ni macho. Ndege hawezi kuzungusha macho vizuri kama sisi, kwa hivyo anatumia shingo kutuliza picha.

(Mercedes-Benz walitumia hiyo maneno kwa tangazo lao la 2013: mikono inachezesha mwili wa kuku, kichwa hakitoki pale kilipo. Si ujanja wa kompyuta, hata kuku wa shosh anaweza.)

Wewe pia una hiyo mashine, ila yako iko kwa macho. Jaribu saa hii. Shika simu ikiwa imetulia, halafu tingisha kichwa kama unasema "zii". Si bado unasoma? Sasa tuliza kichwa, utingishe simu kwa spidi ile ile. Maandishi yamekuwa uji.

Kichwa kikisonga, sikio la ndani hupima mwendo na kuamuru macho yageuke upande wa pili. Kazi yote huchukua karibu milisekunde 10. Huwezi hata kujua inafanyika, hadi siku iharibike.

Iliharibika kwa daktari mmoja wa Marekani aliyekuwa akidungwa streptomaisini kutibu TB ya goti. Mwaka wa 1952 alisimulia yaliyompata kwenye jarida la New England Journal of Medicine, akitia sahihi ya J.C. tu. Ili asome kitandani, ilibidi abane kichwa katikati ya vyuma viwili vya kitanda, ili kupunguza mtikisiko wa mapigo ya moyo uliofanya herufi ziruke. Akitembea, hangeweza kutambua sura ya mtu hadi asimame.

Dawa za familia hiyo, kama gentamaisini, bado zinatumika hospitalini na zinaokoa maisha, kwa hivyo usikatae sindano. Lakini ukiwa kwa hiyo dawa uanze kuona dunia ikiruka ukitembea, ama masikio yapige kelele, ambia daktari siku hiyo hiyo. Vile vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, kwa binadamu, vikiisha vimeisha.

Kuku naye? Vyake vinaota upya.